Kupe wa Kumi

Wewe unayesoma hapa, umewahi kuwa ndani ya chumba kimoja na panya mia tatu, wote wakanyamaza kwa mpigo mmoja? Sisemi kunyamaza kwa kulala. Nasema kunyamaza kama kwa mtu aliyesikia jina lake likitajwa nyuma ya mlango.

Mke wa Fundi alikisikia kimya hicho asubuhi ya Jumamosi, saa nne kasorobo, kalamu ikiwa mkononi.

Kazi yake ilikuwa vizimba. Miaka kumi na moja alikuwa akiosha chupa za maji, akibadilisha maranda, akikagua mikia na masikio. Mtaani walimwita Mama Panya, naye aliitika bila kununa. Chumba alichopewa kilikuwa cha ugonjwa wa kupe. Wasomi walitaka kujua kwa nini kupe akimwuma panya huyu, kifundo cha mguu kinaumuka kama andazi, na akimwuma panya yule hakionyeshi kitu, ilhali vijidudu vilivyoingia mwilini ni vile vile. Panya walikuwa wa namna mbili: wa kahawia, ambao huvimba, na weusi, ambao hubeba vijidudu vyao kimya kimya na kuendelea kula.

Kila panya aliwekewa mgongoni kupe kumi wachanga, wadogo kama punje za ufuta. Kizimba kilikuwa na sakafu ya wavu, na chini ya wavu sinia la maji. Kupe akishashiba damu huachia na kudondoka majini, huko huokotwa kwa kibanio na kuhesabiwa. Kumi waliopanda, kumi lazima washuke. Na kama hawatimii, fomu ilikuwa na mstari wake: walioliwa. Maana panya hujikuna na kujilamba, na kupe akifikiwa na meno, habari yake imekwisha.

Sasa Jumamosi hiyo, kizimba namba arobaini na moja, jike wa kahawia, kupe walikuwa tisa. Alimimina maji kwenye sinia jeupe, akayatazama akiwa amechutama. Tisa. Akapuliza manyoya ya panya kwenda mbele, akayapuliza kurudi nyuma. Tisa.

"Mama Panya, unahesabu au unatotolesha?" Aliyeuliza kutoka mlangoni ni msimamizi wao, waliyempa jina la Bwana Muhuri, kwa sababu hakuna karatasi iliyompita bila kugongwa.

"Nahesabu, bosi."

"Basi lete fomu. Daktari yuko getini, na mimi sitaki kuulizwa maswali nikiwa sijanywa chai."

Akaandika haraka. Walioshuka: tisa. Walioliwa: mmoja. Na hapo ndipo panya wakanyamaza.

Aliinua macho. Arobaini na moja alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, viganja vyake vimeshika ukuta wa kizimba, anamtazama. Shingoni alikuwa na kola ya plastiki, pana kama kisosi. Kundi lile lote lilivalishwa kola kwa makusudi, wiki nzima, ili wasiweze kugeuza kichwa kujilamba mgongo. Panya mwenye kola hawezi kula kupe wa mgongoni kwake, kama ambavyo wewe huwezi kujiuma kisogo. Mkono ulikuwa umeandika kwa mazoea.

"Bosi, hebu ngoja..."

Ko! Muhuri ulikuwa umeshashuka. Panya wakarudia makelele yao, wakitafuna na kukwaruza, kana kwamba shauri lao limekwisha.

 

Turudi nyuma siku tano tu, Jumatatu ya kuweka kupe.

Sheria ya chumba kile ilikuwa ukifika uvue kila cha nyumbani, uvae vazi la kazini na kofia ya kufunika nywele zote. Lakini Mke wa Fundi nywele zilikuwa zimemwacha mkono pale juu ya paji la uso. Siku moja kwenye chumba cha kubadilishia, wasichana wa maabara walimwangalia, wakaangaliana.

"Shangazi," akasema mmoja, "hiyo barabara imekatwa lini katikati ya msitu?"

Walicheka, naye akacheka nao, maana ungefanya nini? Ila tangu siku hiyo hakuvua tena kitambaa chake cha kichwa. Alikificha chini ya kofia ya kazini, na kofia ikawa haikai sawa.

Jumatatu hiyo, akiwa ameinama juu ya arobaini na moja, brashi ndogo yenye kupe mkononi, kofia iliteleza. Akaisukuma mahali pake kwa kiganja. Ni hilo tu alilofanya.

Jioni mumewe, fundi cherehani, alikiona kile kitambaa kikining'inia pindo.

"Lete hapa. Mke wa fundi anatembea na nyuzi kama kuku aliyetoka vitani! Wateja wakikuona watasemaje?"

Akakilaza mapajani, yeye na kaptura yake ya nyumbani, akakipinda, akakishona kwa mkono, mishono midogo ya kujivunia, akiimbia puani. Kupe hana haraka. Alishuka kutoka kwenye pindo, akapita juu ya goti la kushoto, akazunguka hadi nyuma yake, mahali penye ngozi laini na jasho. Akatafuta, akapata, akainamisha kichwa.

 

Wiki ya sita, asubuhi, Fundi alikuwa akipiga mswaki uani. Maji yakamtoka upande mmoja wa mdomo yakamchirizikia shingoni. Akasukutua tena, yakatoka tena.

"Mama," alimwita mama yake, "nitazame. Nimefanya nini?"

Bibi kizee alikuwa akichambua mchele mlangoni. Alimtazama mwanawe, akautua ungo. Upande wa kulia wa uso ulikuwa mwanawe. Upande wa kushoto ulikuwa umelegea kama pazia lililong'oka vishikizo, shavu limeshuka, jicho halipepesi.

"Cheka," akamwambia.

Fundi akacheka, na nusu ya uso ikacheka peke yake.

Zahanati waliambiwa ni kiharusi kidogo, kisha wakaambiwa labda ni upepo wa dirishani. Daktari wa zahanati, mtu mchovu aliyezungumza huku akiandika, aliuliza kama kuna jambo jingine la ajabu lililompata mgonjwa miezi hii.

Mke wa Fundi alifungua kinywa. Mfululizo mzima ulikuwa umeshajipanga ulimini: pindo, kofia, tisa. Lakini nyuma yake alisikia muhuri, ko! Mtu wa mwisho kupoteza kupe kwenye chumba kile alitolewa getini mchana huo huo, amebeba viatu vyake kwenye mfuko, na chumba kikafungwa. Na sasa Fundi alikuwa hawezi kutunga uzi kwenye sindano, jicho linamtoka machozi. Nyumba nzima ilikuwa ikiegemea vile vizimba.

"Ana gesi pia," akasema.

"Gesi," daktari akaandika.

Uso ulirudi wenyewe, pole pole, kwa wiki tano. Jicho tu ndilo lililochelewa. Fundi alilala likiwa wazi, limekauka, linang'aa. Alfajiri mkewe alipoamka kujiandaa na kazi, lilikuwa likimtazama kutoka kwenye mto, na mwenyewe anakoroma.

"Hilo jicho linamngojea mtu," alisema mama mkwe asubuhi moja akipuliza chai, wala hakumtazama mtu yeyote aliposema.

 

Mwezi wa nne likaja goti.

Lilianza kama uzito, Fundi akasema ni pedali. Kisha likajaa, likang'aa, likawa kama tikiti dogo lililovalishwa ngozi ya mtu. Halikumuuma sana, na hilo ndilo lililotisha. Hakuweza kukanyaga pedali zaidi ya mishono kumi. Mama mmoja alikuja kuchukua gauni la binti yake, akalikuta lina mkono mmoja.

"Fundi, binti yangu ana mikono miwili."

"Nitamalizia kesho, mama. Mguu tu huu."

"Kesho ndiyo harusi." Akalikunja gauni lile lenye mkono mmoja, akachukua na kitambaa kilichobaki, akavuka barabara na kuingia kwa fundi wa ng'ambo, pale pale mbele ya macho yake, bila hata kuzunguka nyuma ya duka.

Mke wa Fundi alikuwa na zana kazini, chuma chenye taya mbili za kupimia vifundo vya panya. Kila asubuhi alibana kifundo, akasoma, akaandika. Vidole vyake vilijua uvimbe kabla chuma hakijasema. Sasa akaanza kupima nyumbani. Alichukua tepu ya mumewe ya cherehani, akaipitisha chini ya goti wakati mwenyewe amelala, akaisoma kwa mwanga wa dirisha la alfajiri. Aliandika kwenye daftari dogo la shule, kwa mistari ile ile aliyozoea.

Siku ya nane, akiwa ameshika tepu, lile jicho lililo wazi likageuka.

"Unanipima sanda?" akauliza Fundi.

Akaruka. "Nakupima suruali. Zinakubana."

"Mimi ndiye fundi humu ndani," alisema, bila kuondoa jicho. "Suruali haipimwi gotini."

Kazini, panya wa kahawia walikuwa wamevimba na wengine wameanza kupona. Ila arobaini na moja hakupona. Kwenye chumba chenye kelele ya mia tatu, yeye Mke wa Fundi alianza kumsikia huyo mmoja: hatua, kimya, hatua, kimya, mguu ukiinuliwa na kuwekwa kwa tahadhari juu ya wavu. Nyumbani akikaa jikoni, alisikia mumewe akitoka chumbani: hatua, kimya, hatua, kimya. Kuna siku alisimama katikati ya vizimba akaita, "Nakuja, baba, kaa chini," kisha akashtuka kwamba hakuna mtu.

Siku hiyo alikwenda hadi mlango wa daktari wa panya. Daktari huyu alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Karibu, mama. Kuna nini?"

"Hawa weusi, daktari. Kweli wanao wale vijidudu?"

"Wanao. Sawa na kahawia. Ila mwili wa mweusi unavumilia, wa kahawia unapigana kwa fujo, unaumiza nyumba yake mwenyewe. Tunatafuta hiyo tofauti iko wapi."

"Na watu?"

"Watu nao hivyo hivyo. Wako kahawia, wako weusi. Kwa sura huwezi kuwajua."

"Na dawa?"

Daktari wa panya alitabasamu. "Dawa siyo shida, mama. Vidonge vya kawaida tu, wiki nne, viko kila zahanati. Shida ni kwamba huku kwetu ugonjwa wenyewe haupo, kwa hiyo daktari hawezi kuufikiria. Mtu anaweza kuozea goti kwa kukosa mtu wa kusema neno moja." Akamtazama vizuri. "Kwa nini?"

Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Alilihisi, dogo, lina miguu.

"Nimekuja kuulizia glavu," akasema. "Zimebaki kubwa tu."

 

Daftari lilionekana Jumapili asubuhi. Fundi alikuwa akitafuta kipande cha chaki ya kuchorea nguo, akaivuta droo ya mkewe. Alisoma akiwa amesimama, mkono mmoja ukutani.

*Dume. Miaka 52. Goti la kushoto. Sm 43. Sm 43 na nusu. Sm 44.* Kurasa mbili. Na chini, kwa mwandiko ule ule wa utaratibu: *Jike. Miaka 47. Magoti yote sawa. Hakuna uvimbe. Labda mweusi.*

Mkewe alipoingia na beseni la nguo, alimkuta ameketi kitandani, mguu umenyooshwa mbele yake kama kitu cha mtu mwingine.

"Mimi ni kizimba namba ngapi?" akamwuliza.

Beseni likamwelemea. Alilitua. Chumba kizima kikanyamaza, hata mama mkwe huko nje akaacha kukohoa, na kimya chenyewe kilikuwa ni kile kile. Alikijua.

"Mume wangu..."

"Ngoja kwanza." Fundi alijikokota hadi kwenye cherehani, akafungua kopo la vifungo. Akatoa kifungo kikubwa cha koti, cha matundu manne. Nyuma yake palibandikwa kipande cha karatasi ya gundi, na chini ya gundi palikuwa na doa jeusi. Akakiweka kwenye kiganja cha mkewe. "Huyu ni wako?"

Aliinama. Miguu minane. Tumbo limejaa nusu.

"Nilimtoa nyuma ya goti, Ijumaa ile ya wiki uliyokuja na pindo limefumuka," alisema Fundi. "Nikadhani ni gamba la kidonda linaloning'inia. Likatembea. Ndiyo nikajua limetoka huko kwako, maana kupe wa huku ni wanene, wana adabu, wanajionyesha. Nikakumbuka habari za yule aliyetolewa na viatu kwenye mfuko. Nikasema, nikimwambia, ataenda kusema, nami namjua. Atakosa kazi kwa ajili ya kitu kidogo kuliko kifungo. Nikanyamaza."

"Miezi yote hii?"

"Wewe umenyamaza miezi mingapi?"

Mkewe alisogeza kiganja kwenye mwanga. Alikuwa akimtazama yule wa chini ya gundi. Ijumaa. Yeye alihesabu Jumamosi. Wakati anapuliza manyoya ya panya kwenda mbele na kurudi nyuma, wakati mkono unaandika kaliwa, huyu alikuwa tayari ndani ya kopo, umbali wa hatua mbili kutoka kwenye mto wake. Alikuwa akilala naye.

"Wa kumi," akasema.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyejua tangu lini. Alikitazama kifungo, akamtazama mwana, akamtazama mkwe.

"Kumbe nyumba hii ina watu watatu na mabubu wawili," alisema. "Haya, nani atamfunga viatu huyu? Kesho asubuhi mnakwenda zahanati, na mimi nitakuja kuhakikisha midomo inafunguka."

 

Njiani Fundi alikuwa ameshapanga. Walikwenda pole pole, yeye katikati, fimbo mkono huu na mkewe mkono ule, mama mkwe nyuma na mkoba.

"Tutasema mbuzi," alinong'ona. "Nilipita mnadani, nikakaa karibu na mbuzi, kupe akanipanda. Atatoa vidonge, tutarudi nyumbani, na wewe kesho unakwenda kazini kama kawaida."

"Kupe wa mbuzi hana ugonjwa huu."

"Yeye atajuaje?"

"Hatajua," alisema mkewe. "Ndiyo maana hatatoa."

Daktari wa zahanati alikuwa na sindano tayari kwenye sahani. Safari hii alisema goti ni la baridi yabisi, na sindano ilikuwa ya kuingia ndani ya goti lenyewe. Mke wa Fundi aliiona ile sindano, ndefu, akaona na mumewe anavyoitazama kwa macho mawili, hata lile lisilofunga vizuri.

"Daktari," Fundi akawahi, "kabla ya hapo. Niliumwa na kupe. Nilikuwa mnadani, kuna mbuzi..."

"Mbuzi," daktari akarudia, akiandika.

"Mbuzi mweupe," akaongeza Fundi, kana kwamba rangi itasaidia.

Daktari aliweka kalamu chini. "Kupe wa mbuzi, mzee wangu, anakupa homa siku chache, basi. Hakujazi goti miezi. Kama ni kupe, nataka kujua kupe wa wapi hasa. Na nikiandika, naandika na mahali, na hao wa mahali hapo nitawapigia simu leo. Kama hujui, tuendelee na sindano."

Fundi alitazama sakafu. Mama mkwe aliegemea mlango, mkoba kifuani. Aliyafumba macho tu, kama mtu anayesikiliza maji yachemke.

Daktari alichukua pamba, akaanza kulisugua goti. Kwenye korido mgonjwa fulani alipita, hatua, kimya, hatua, kimya.

Mke wa Fundi aliinua mkono akafungua fundo la kitambaa chake cha kichwa. Alikivua mbele ya watu wote, barabara yake ya katikati ikabaki wazi, akakilaza mezani juu ya karatasi za daktari, upande wa pindo juu, na mishono midogo ya mumewe ikaonekana, mizuri, imenyooka. Juu yake akaweka kile kifungo.

"Weka chini hiyo sindano, mwanangu," alisema. "Nafanya kazi kwenye panya wa ugonjwa wa kupe. Sheria ilisema nivue kitambaa hiki, sikukivua. Kupe walikuwa kumi, nikahesabu tisa, nikaandika mmoja kaliwa. Hakuliwa. Nilimleta nyumbani mimi."